Kashu, Pasipoti Yako Bado Ninayo

Kwako Kashu, ndugu yangu wa dawati moja,

Simu yako haipatikani tangu siku ile, na anwani nyingine ya kwako sijawahi kuijua zaidi ya vumbi la ng'ombe wako. Ndiyo maana naandika barua itakayosomwa na kila mtu, nikitumaini mmoja wao atakutana nawe mnadani akupe. Kusoma unajua, tena kuliko mimi. Majibu yangu yote ya darasa la sita yalitoka kwenye daftari lako. Ninachokiogopa ni kwamba ukiliona jina langu hutaendelea.

Unaikumbuka ile atlasi? Moja kwa wanafunzi sita, nasi tumeambiwa tutafute Tanga. Wewe ukapeleka kidole pembeni kabisa ya ukurasa, ukapita Australia, ukakigandisha juu ya vidoti baharini. Kaledonia Mpya, na chini yake kwenye mabano: Ufaransa.

"Huku ndiko nitakakohamishia ng'ombe," ukaninong'oneza. "Hakuna wakulima wenye midomo kama nyie."

"Utawavushaje?"

"Wataogelea. Wewe utawashika mikia."

Nilicheka mpaka mwalimu akatuita mbele. Fimbo nne nne. Wewe hukupepesa hata jicho. Mimi nililia kabla ya kupigwa, na ulinikumbusha jambo hilo kila mwaka, kama vile ni sikukuu.

Nani angejua kwamba Mwajuma wangu, ambaye akili alichukua kwa mama yake, angesoma Kifaransa, akaolewa na daktari wa mifugo wa visiwa hivyohivyo? Akatuma tiketi mbili. Mama Mwajuma alizitazama, akasema, "Mimi nikae ndani ya kopo siku mbili juu ya maji? Nenda na huyo Kashu wako, mkagombane huko."

Tukaanza kujiandaa kama maharusi. Kule studio ya Mikumi mpiga picha alikwambia, "Mzee, toa hizo hereni." Ukamjibu, "Kijana, haya ni masikio yangu." Mimi nikaambiwa nivue miwani, nikawa sioni kamera iko wapi, nikatoka kama mwizi wa kuku aliyekamatwa saa hiyohiyo. Wewe ukasema bila miwani napungua miaka kumi. Nikakuamini, mpumbavu mimi. Tangu siku hiyo nikawa naiacha ndani.

Pasipoti zilipotoka Morogoro, yako ukaniachia niiweke kwenye sanduku langu la bati. "Kwako hakuna ndama wa kuitafuna," ulisema.

Halafu ile simu na mkwe wangu. Alipokwambia kwao wapo wafugaji wanaochunga ng'ombe kwa farasi, ulininyang'anya simu kabisa. Akakusimulia na mengine, Mwajuma akitafsiri: kwamba zamani ng'ombe wa walowezi walikanyaga mashamba ya viazi vikuu ya wenyeji, watu wakauana, vijiji vikachomwa. Ukanigeukia. "Athumani, mbona kama anasimulia Mvumi, kijiji chetu?"

Tulicheka. Kashu, tulicheka kweli.

Sasa niseme kuhusu siku ile.

Baragumu la ulinzi wa mashamba lilikuwa kwangu, katibu wa ulinzi huo. Kanuni unaijua: atakayeona ng'ombe ndani ya mpunga apulize mara tatu, na kila mwanamume atoke na panga, asiulize ng'ombe ni wa nani. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, na nikayapigia mstari.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nimekaa kibarazani na chai, miwani iko ndani. Nikaona kitu cheupe kwenye mpunga, na nyuma yake mtu mwenye nguo nyekundu. Sikuinuka kuangalia vizuri. Nikapuliza mara tatu. Nakwambia ukweli unaonichoma: nilijisifu kwamba pumzi bado ninayo.

Ulikuwa ni wewe. Wala hukuwa ndani ya mpunga, ulikuwa unapita juu ya tuta, unaniletea mtamba, kwa sababu kwa desturi ya kwenu mtu hasafiri mbali na mwenzake bila kumpa ng'ombe.

Walikuja kutoka kila upande. Saidi, binamu yangu, mwenye mbio kuliko wote, ndiye aliyetangulia. Alimkata mtamba mshipa wa mguu wa nyuma, mtamba akaketi kama mbwa, bado anatazama mbele alikokuwa akielekea. Saidi akamkata shingo. Wewe ukanyoosha mkono wa kulia kumkinga kichwa, na panga lililofuata likaangukia mkono huo. Niliusikia mfupa. Nilikuwa mbali, nakimbia na kandambili moja, lakini niliusikia.

"Athumani! Ni mimi!"

Hukusema "nisaidie". Ulijitambulisha tu, kama mtu anayebisha hodi.

Nikapiga kelele waache, waache, sauti yangu ikamezwa na za watu arobaini. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata mtoto asingelifanya. Nikaweka baragumu mdomoni nikapuliza ili wasimame. Nao waliposikia baragumu wakazidisha kupiga. Mtu mwingine alikukanyaga kifuani. Fimbo zilikuwa zinashuka kama za kupura mpunga. Kashu, tulikuwa na mlio wa kuita. Mlio wa kuachia hatukuwahi kuutunga.

Waliacha walipochoka.

Kesho yake asubuhi watu wenu walikuja. Saidi aliingiwa na mkuki tumboni mbele ya mama yake, akaushika kwa mikono miwili kana kwamba anausaidia kuingia. Saa sita mchana watu wetu walichoma boma lenu na ndama wakiwa ndani. Sauti ya ndama hao siwezi kuiandika. Jioni nilimwosha Saidi, nikamzika. Sikuulizi mkuki ulikuwa wa nani. Nawe usiniulize kiberiti kilitoka nyumba gani.

Siku ya tatu nilifika hospitali ya Berega, ulikopelekwa. Muuguzi akaniuliza, "Yule wa mkono? Ndugu zake wameshamchukua."

"Na mkono?"

"Mkono umebaki hapa, baba."

Mkono ule ndio ulioandika majibu yangu ya darasa la sita.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, nikapendekeza tutunge mlio wa pili, wa kusimamisha. Mmoja akasema, "Katibu, kapumzike, umezeeka." Mwingine akauliza kama nataka tuwaimbie ng'ombe taarabu. Watu wakacheka. Nikaliweka baragumu mezani, nikaondoka. Wamempa mtu mwingine. Macho yake ni mazuri, lakini na yeye haulizi.

Safari imesogezwa mara mbili. Kuna wakati hata huko visiwani magari yalichomwa na barabara zikafungwa, mkwe wangu akatuambia tusubiri. Nikawaza, kumbe hata tulikokuwa tunakimbilia ni kulekule! Sasa kumetulia, Mwajuma anataka nitaje tarehe.

Lakini kuna jambo mkwe wangu alinieleza, nalo ndilo limenizuia. Kwa wenyeji wa kwao, kabla hujakanyaga mahali pa mtu, unaweka kitambaa mbele yake. Unataja jina lako, unakotoka, na kilichokuleta, bila kuficha. Mwenyeji akikiokota, umeingia. Akikiacha, umekwama mlangoni. Nilijifunza maneno hayo, nikajaribu kuyasema mbele ya kioo, na kila nikianza "Mimi ni Athumani wa Mvumi", nilikuwa nakuona wewe. Siwezi kuvuka bahari kwenda kuyasema kwa watu nisiowajua wakati sijakwambia wewe.

Kwa hiyo nimenunua shuka, nyekundu, ile ya miraba unayoipenda. Kila siku ya mnada natoka Mvumi mapema, napita Kilosa, nafika Mikumi, nakaa pale malori yanaposhushia ng'ombe, naitandika chini mbele yangu. Miwani naivaa. Watu wananiuliza, "Mzee, shuka bei gani?" Nasema haiuzwi. "Sasa umeitandikia nini?" Nasema mwenyewe hajafika. Wananiona nimechanganyikiwa, na mama mmoja muuza chai ameanza kunipa kikombe bure, nadhani kwa huruma. Nakinywa.

Maneno yangu ni haya. Mimi ni Athumani wa Mvumi. Nilipuliza bila kuangalia. Kanuni niliiandika mimi. Nimekuja kwako.

Pasipoti yako iko mfukoni mwangu, na masikio yako yote mawili yamo ndani. Ukinikuta pale huna haja ya kusema kitu. Okota shuka kwa mkono wa kushoto, nami nitampigia Mwajuma nimtajie tarehe. Ukiiacha chini ukapita na ng'ombe wako juu yake, ni haki yako. Nitaipangusa, nitaikunja, na mnada unaofuata nitaitandika tena.

Ni mimi,
ndugu yako wa dawati moja