Mtama Wako Umepakwa Vanishi

Mitundu, mwezi wa kumi

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza, najua nimechelewa. Tangu watu wanavuna mtama mpaka sasa wanafyeka mashamba upya sijakuandikia hata mstari mmoja, na wewe hukunilea hivyo. Naomba unisamehe. Kila nikishika kalamu, ama mtoto analia, ama hasira inanipanda naandika maneno ambayo mtu hawezi kumsomea mama yake. Karatasi mbili nimezitia motoni.

Magoti yako yanaendeleaje? Na kile kikohozi? Neema mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali kwa kuona aibu. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anakaa nayo kaka, naye akipokea lazima aweke spika uwanja mzima usikie. Haya ninayosema si ya uwanja mzima.

Sisi huku wazima. Tumaini anaongea mpaka anachosha, na mdogo wake ameanza kusimama kwa kushika ndoo, akianguka anaanguka nayo na maji yake. Mimi nimechoka, ila siumwi.

Sasa nikuambie kilichonifunga mdomo. Mama, ile mbegu ya mtama mwekundu uliyonifungia kwenye kanga siku naolewa, haipo. Haikuliwa na wadudu, wala haikuungua. Iko Dar es Salaam, sebuleni kwa shemeji, imesimamishwa kwenye chupa kama maua.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa sita, shule zilipofunga, kaka yake baba Tumaini alikuja na mke wake, mama Glori, na watoto wao. Walikuwa wanatembea na gari lao kutoka Dar, wanapita vijijini, wanasimama kila wanapoona pazuri, wanapiga picha. Ndiyo likizo yao. Sikatai, kila mtu na mapumziko yake. Shemeji alikuwa amening'iniza kamera shingoni, lenzi yake ndefu kama mdomo wa korongo. Walisema watalala siku mbili. Wakalala nane.

Na zilikuwa siku za mavuno, mama. Kila asubuhi baba Tumaini anapanda gari kwenda kuwaonyesha njia: leo reli, kesho ng'ombe wakinywa bwawani, keshokutwa mawe. Mtama umekatwa umelala chini unangoja kupurwa. Nikaupura peke yangu, mtoto mgongoni, Tumaini akifukuza kuku.

Wakirudi, shemeji ananikuta napepeta. "Shemeji, hapo hapo! Usisogee!" Kisha anaangalia kwenye kamera yake, anatikisa kichwa. "Hebu toa hilo dumu la njano, linaharibu. Na lile bati la jirani linaonekana. Sogea upande huu kidogo." Dumu la maji niliyoyatoa kisimani kwa kichwa changu, linaharibu! Nikalitoa. "Haya, pepeta tena."

"Huu nimeshaupepeta, shemeji."

"Urudie tu, upepo ulikata. Na usiangalie huku. Fanya kama hatupo."

Mama, nitafanyaje kama hawapo na ugali wao niliusonga mimi? Nikapepeta mtama msafi mara tatu. Makapi yameshaisha, natupa juu punje tupu, zinarudi kwenye ungo kama mvua ya mawe. Nikanyamaza kwa sababu ni mkubwa wa mume wangu. Na alizeti nayo ilimkasirisha, eti kwa nini vichwa ni vyeusi vimeinama, yeye alitaka ya njano. Nikamwambia ya njano haina mafuta bado, shemeji, tunavuna ikizeeka. Akaguna.

Hayo yote ningeyasahau.

Siku ya nane mama Glori aliingia jikoni kwangu, kitambaa puani kwa ajili ya moshi. Akatazama juu ya mafiga, akaona yale masuke ya mbegu. Unajua nilivyoyachagua. Kama ulivyonifundisha: nikapita shambani mtama ukiwa bado umesimama, kabla mtu hajashika panga, nikafunga uzi kwenye mashina yenye kichwa kizito, nikayakata mwenyewe, nikayafunga pamoja, nikayaning'iniza kwenye moshi. Yalikuwa yameshika rangi ya moshi vizuri, mekundu yenye weusi.

"Jamani, hii nayo ni nini? Inapendeza hiyo!" Akaita mumewe, wakapiga picha, wakawasha na taa ya simu. Kisha akasema, "Nipe niende nayo, nitaweka sebuleni."

Nikamwambia taratibu, "Hiyo ni mbegu, mama Glori."

"Si utachukua nyingine? Gunia si hilo hapo limejaa?"

Nikamweleza. Mtama wa guniani ni wa kula, umechanganyika, mkubwa na mdogo, wa mapema na wa kuchelewa. Hii imechaguliwa kichwa kwa kichwa. Na hii haishushwi mpaka mvua ya kwanza, na anayeishusha ni yule aliyeining'iniza. Nikasema hapana, pole, hii siwezi. Akacheka, "Mna mambo ninyi watu wa Singida!" Akatoka. Nikadhani yameisha.

Asubuhi nikaenda kisimani. Niliporudi gari limeshaondoka. Nikaingia jikoni, juu ya mafiga imebaki kamba.

Baba Tumaini alikuwa amekaa kwenye kigoda, hanitazami. Nikamuuliza iko wapi. Akasema, "Ni kaka yangu, mke wangu. Ameniomba. Angeomba hata ng'ombe ningempa."

Nikamwambia, "Ng'ombe ni wa kwenu. Mbegu ni ya kwetu."

Akainuka, akatoka nje. Na mimi sikumpikia chai siku hiyo, Mungu anisamehe.

Nilimbana akapiga simu siku ile ile, wakiwa bado njiani. Hawakupokea. Walipopokea wiki ilikuwa imepita. Mama Glori mwenyewe ndiye aliyeongea, kwa furaha kabisa: "Shemeji, tumeshaipaka vanishi, maana ilikuwa inadondosha punje kwenye kapeti. Sasa inang'aa! Nakutumia picha." Akatuma kweli. Nikaiona mbegu ya mama yangu, na ya bibi yangu aliyekupa wewe, inang'aa kama kiatu. Hata wakiirudisha leo haitaota. Na ukutani nyuma yake nipo mimi na ungo wangu, nimekuzwa nikawa mkubwa kama mlango, na chini wameandika: Mwanamke wa kijijini. Nina jina, mama! Nimewapikia siku nane, mimi ni mke wa mdogo wake, na jina langu analijua.

Nina hasira na wao, nina hasira zaidi na huyu niliyeolewa naye, lakini nisiwe mwongo mbele yako: nina hasira na mimi pia. Uliniambia mbegu usiilaze mahali pamoja. Nusu kwenye moshi, nusu kwenye kibuyu na majivu. Mwaka huu nilisema nitafanya kesho, mtoto akaugua masikio, kesho nikachoka, wageni wakafika. Hiyo ndiyo aibu iliyonichelewesha kuandika, kuliko kazi.

Baba Tumaini anasema atanunua mbegu ya dukani. Nimekataa. Mwaka juzi alipanda hiyo, nyeupe tamu, ndege wakaila yote punje zikiwa bado na maziwa. Na mwaka jana mahindi yake yalipokauka, wanangu walikula nini mpaka mvua ikarudi? Walikula mtama wako. Mwekundu, mchungu kwa ndege, unaosimama kwenye mchanga huu wa kwetu. Nimemwambia lile shamba la chini ni langu, na litapandwa huo au litakaa wazi watu walione. Tangu nimesema hivyo anaamka mwenyewe kwenda kulifyeka, hajaniomba hata msaada. Hajasema samahani. Anafyeka tu. Mimi namwacha afyeke.

Nisalimie baba, mwambie shikamoo yangu aipokee hata kama amekasirika. Msalimie kaka, na asiulize barua ilisema nini. Msalimie shangazi aliyenisuka siku ya harusi, na mjomba mwenye mizinga, asali yake huku tunaisifia. Jirani yetu mwalimu anakuja huko kwa likizo, ndiye aliyebeba barua hii, atarudi baada ya siku kumi. Mpe yeye mzigo, ni mtu mzima mwenye akili. Mimi mwanao ninayekukumbuka kila ninapowasha moto, Rehema.

Ninavyohitaji ni hivi. Masuke ya mtama mwekundu ishirini, yakiwa na mabua yake, yasipurwe. Chagua wewe, mama, si Neema, yeye anaangalia ukubwa tu. Uyafunge kwa kitambaa, si mfuko wa plastiki, yatatoa jasho njiani. Kibuyu kimoja kikavu chenye kifuniko kinachobana. Mbegu za kunde za kuchanganya, kiganja kimoja. Dawa ile ya mizizi ya masikio ya mtoto, na Neema aandike inapikwaje. Na karatasi moja yenye maneno yako kwa baba Tumaini, maana neno la mkwe wake hawezi kulipita: kwamba mbegu hii umemkabidhi binti yako, na mtu yeyote akiiomba, kaka au mfalme, aje huko kwako kuomba.