Siku Mama Alipojikalisha Chini

Jumatano. Tangu asubuhi upepo wa ziwa unapiga mabati, mvua inatishia tu, haishuki.

Mama ana miaka sabini na sita. Miezi mitatu iliyopita aliteleza bafuni kwake Bugwema, akalala pale chini toka asubuhi mpaka jioni, jirani alipokuja kuomba moto akamsikia, akanipigia simu. Hakuvunjika mfupa. Nilimfuata kesho yake, nikamleta kwangu hapa Kigera.

Tangu hapo naogopa kila kitu. Sakafu iliyolowa, kandambili, kuku wanaopita miguuni. Nimemkataza kufagia, kuchota maji, hata kutoka uani. Mtu aliyelima miaka yote ile, sasa ananiombaga ruhusa ya kwenda chooni.

Na niandike ukweli: nikienda shuleni kufundisha, nilikuwaga namfungia mlango kwa nje.

Leo nilisahau. Nilikumbuka saa nne, katikati ya kipindi, nikapanda bodaboda kurudi. Kiti chake kitupu. Niliita, kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwona chini, miguu ameinyoosha, kanga imejaa vumbi.

Nilipiga yowe.

"Nyamaza, Nyangeta, watu watadhani nimekufa," akasema. "Sijaanguka. Nimejikalisha mwenyewe."

"Kwa nini, mama?"

"Nijifunze kuinuka. Siku ile sikuumia sana. Kilichonitesa, sikujua nianzie wapi kusimama."

Nikamkimbilia, akanizuia kwa mkono. "Usiniguse. Kaa hapohapo."

Nilikaa. Sijui niliwezaje. Aligeuka ubavu, akapiga magoti, akaegemea ndoo iliyofunikwa. Ndoo ikamkimbia, akarudi chini kwa kishindo. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa anatambaa taratibu kuelekea ukutani. Akaushika, akatanguliza mguu mmoja, magoti yakicheza. Kisha akawa amesimama, anahema, jasho linamtiririka, na mimi nalia kama mtoto.

Tulipoingia ndani nilimwomba msamaha kwa ule mlango. Hakukasirika. Alisema kila asubuhi alikuwa anasikia ufunguo ukizunguka, halafu anakaa kuwaza nyumba ikishika moto atatokea wapi.

Miezi mitatu. Mama alikuwa anaogopa moto, na mimi nilikuwa nawaza kuanguka tu.

Sitamfungia tena.

Ila si kwamba nimepata ujasiri. Kesho kuna sala ya jumuiya, nyumba ya nne kutoka hapa, na njia ile ina mawe. Nilimwambia nitamshika mkono. Akakataa. "Wewe tembea nyuma yangu. Ukiona nimeanguka, subiri kwanza."

Nimekubali. Nitasubiri kwa muda gani? Nihesabu mpaka ngapi, huku mama yangu yuko chini? Naogopa kuliko siku ile niliyopigiwa simu kutoka Bugwema.