Sweta Nyekundu na Barua ya Kujieleza

Jumatano jioni, Bungoma. Mvua imegoma, mawingu yamekaa tu, na mimi nimekasirika mpaka chai imenishinda kumeza.

Leo nimepewa barua. Ati nijieleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa, kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Kosa langu? Nilisimamisha treni.

Kwa mnaopita hapa bila kunijua, mimi ni mshika bendera. Nakaa kwenye kibanda pale barabara ya vumbi inapokatiza reli, mahali pasipo na geti, taa wala kengele. Treni ya mizigo ikija kuelekea Malaba, nazuia watu na magari. Kukiwa na hatari relini, namwonyesha dereva wa treni bendera nyekundu. Sasa hiyo bendera imepigwa na jua mpaka imefanana na kitambaa cha kupangusia meza hotelini. Nimeomba nyingine mara tatu. Supavaiza wangu hujibu, "Iko njiani, madam." Njia gani hiyo isiyofika?

Wacha niseme yaliyotokea juzi.

Saa saba mchana, watoto wa shule wakienda nyumbani kula, trekta ya miwa ilipita ikivuta trela mbili. Pini ya trela ya mwisho ikakatika, trela ikabaki juu ya reli. Na mnajua watu wetu na miwa. Kabla dereva hajashuka, watoto walikuwa wameshapanda wanachomoa, na akina mama wametandaza leso. Mmoja akaniambia, "Si unitolee huo mrefu!" Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Hakuna aliyeshuka. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo kule Kiminini nilichomoa sana, kwa hivyo siwezi kujifanya malaika.

Kisha nikasikia honi.

Ile bendera ingeonekana na nani? Nilivua sweta yangu nyekundu, ya kwaya, nikakimbia kando ya reli kuielekea treni huku nikiipunga juu ya kichwa. Treni ndefu, kontena baada ya kontena, kitu kizito hivyo hakisimami ghafla. Niliogopa, jamani. Nilikuwa nakimbia na kulia. Dereva akaniona. Breki zikalia hadi meno yakaniuma. Watoto waliruka walipoona kichwa cha treni kinakuja, wengine bado wamekumbatia miwa. Ilisimama hatua chache tu kutoka kwa trela.

Hakuna aliyekwaruzwa. Hata mmoja.

Na barua inasema nini? Kwamba niliondoka mahali pangu pa kazi. Kwamba nilitumia "vazi lisiloidhinishwa". Kwamba mizigo ilichelewa. Watoto hawajatajwa popote. Nimeisoma mara nne nikiwatafuta.

Mchana supavaiza akaniita kando, kwa upole kabisa. Ati niandike kwamba bendera nilikuwa nayo, nzuri, mpya, ila niliisahau kibandani. Niombe msamaha, nitie sahihi, yaishe. "Mimi nakutetea, madam, lakini nisaidie nikusaidie." Bana! Mtu ambaye hajawahi kukaa pale hata saa moja wakati treni inapita, leo ananifundisha kusahau. Nilimwambia nitafikiria, kwa sababu ningefungua mdomo zaidi ningemtukana.

Nimempigia mama kule Kiminini. "Nafula, kubali tu, mwanangu. Kazi ziko wapi siku hizi?" Nilimjibu vibaya, na hilo linaniuma, maana anasema ukweli. Nina mtoto shuleni, naishi nyumba ya kupanga, na kazi nyingine sina.

Basi nikakaa chini nikaandika ile hadithi ya supavaiza mpaka mwisho, nikabakisha sahihi. Nikaisoma kwa sauti. Inasomeka vizuri, hata mimi ningeiamini. Lakini nikiitia sahihi, geti halitawekwa, kwa sababu katika karatasi hii hakuna kilichokosekana isipokuwa akili yangu. Trela nyingine itakwama. Mtoto wa mtu atakufa pale, mama yake atauliza, na wakubwa watafungua faili wamwonyeshe maandishi ya mkono wangu yakisema bendera ilikuwepo.

Nimeichana.

Kama ni kunifuta, wanifute.