Chura Aliyetumwa Kalemie

Kalemie, 17 Septemba 2024

Papa mupenzi,

Habari za Bendera? Mama angali anakohoa? Mimi niko muzima, lakini usingizi hauji. Rezo ya simu haifiki kwenu, njo maana naandika.

Jana mutafiti mumoja, Monsieur Théophile, alikuja masomoni. Alitusikilizisha sauti ya chura mudogo wa miti. Anajulikana kuishi pahali pamoja tu duniani, milima ya huko kwetu, na miaka mingi hakuna aliyemuona. Papa, ni yule anayelia kama kijiko kwenye kopo, ndani ya miti ya mutoni unayotaka kuchoma Jumatatu. Monsieur sikumwambia. Unanijua, mbele ya watu ulimi unakauka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Tafazali, usichome kwanza.

Binti yako,
Pascaline

Bendera, 19 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama anapona, jana alikula ugali. Kuhusu kuchoma: mvua iko karibu, mihogo tutapanda wapi? Lakini sipendi ukae roho juu. Nimeingia mutoni, nimemukamata chura wako. Germain wa pikipiki anakuletea ndani ya bidon ya plastiki, na majani mabichi, kifuniko nimekitoboa. Mupatie Monsieur, hata bila kusema kitu. Yeye apate chura, sisi tupate shamba.

Papa yako

Kalemie, 21 Septemba

Papa,

Nashukuru kwa habari ya Mama. Chura alifika muzima. Germain alinicheka: «Weye, hii ni mboga gani?» Nilizungukazunguka nyumba ya Monsieur, kisha nikabisha. Nilianza na Kifaransa, kikaniishia, nikamalizia Kiswahili. Alichungulia, akamutambua. Akauliza kama miti yake ingaliko. Nikamwambia: itachomwa Jumatatu. Akasema polepole: «Basi tumuue, tumutie ndani ya alkoli asioze, watu wajue aliishi.»

Papa, nilimunyang'anya bidon. Nikasema: «Papa hatachoma. Ameniapia.» Haukuapa, najua. Kesho tunakuja, mimi, Monsieur na chura. Germain anatangulia na barua hii. Naogopa kukuangalia machoni.

Pascaline

Bendera, 22 Septemba

Mwanangu,

Mutafika na vumbi na kiu. Mama ameweka chai. Naacha karatasi hii kwa jirani yetu Florentine barabarani, usome kabla ya kupanda mulima. Leo asubui upepo ulitulia, nikatangulia kuwasha upande wa juu, sikungoja Jumatatu. Germain alinikuta hapo na barua yako. Sasa majirani wanafyeka pamoja nami, moto usishuke mutoni. Miti ingali imesimama. Muje na majembe.

Monsieur akiniuliza, nitamujibu: ndiyo, nilimuapia binti yangu.

Papa yako