Masika na mugongo yangu

Butembo, jeudi mangaribi. Ukungu imefunika muji tangu saa kumi na baridi inaingia mpaka mu mifupa. Roho yangu iko chini kabisa.

Lundi, siku tatu zinapita, nilianguka tena, ku soko. Kifafa haiombake ruhusa. Nilikuwa napanga mboga zangu za poireaux kwa meza, na Masika, bebe yangu, alikuwa mu mugongo. Niliamuka mu matope, kinywa inajaa damu, batu banasimama mbali. Masika alikuwa angali amefungwa na kikwembe, analia mpaka sauti inakauka. Hakuna mutu alimutoa mu mugongo yangu. Banaogopa povu yangu, eti mate ya mugonjwa ikikugusa, na weye utaanguka.

Mungu wangu! Hata mutoto?

Mama mukwe alisikia habari, akapanda kutoka Beni. "Namupeleka Masika kwangu. Maziwa yako itamuambukiza." Hapana kwa ubaya, anamupenda sana mujukuu wake. Bwana yangu alishika ufagio, akaanza kufagia. Ile kufagia iliniuma kupita maneno ya mama yake.

Donc leo nilibavuta bote kwa infirmier, ule anayenipatiaka dawa ya kifafa. Nilijua atanitetea, na kweli alinitetea. "Mama, kifafa haiambukize. Hapana kwa mate, hapana kwa maziwa. Anyonyeshe tu, na dawa ameze kila siku." Nilimuangalia mama mukwe, nikasikia furaha. Furaha ya kipumbavu!

Kisha infirmier akanigeukia. "Mais weye, mama Masika, usimubebe tena mu mugongo. Ukianguka chali, utamulalia."



Sasa mimi ni mama gani? Huku kwetu mutoto analala mu mugongo, anapona homa mu mugongo, anajulia dunia mule. Kunyonyesha, nitakaa kwa mukeka, nitanyonyesha. Dawa nitameza. Lakini ku soko nitamuweka wapi, chini ya meza? Nisipouza hatukule.

Mama mukwe anateremka kesho. Hasemi tena kama anamuchukua. Anafula nguo za Masika pole pole, anangojea mimi mwenyewe niseme. Na kule Beni batu banalalaka na viatu mu miguu, juu ya kukimbia bauaji usiku.

Nikimuacha hapa, naweza kumuua mimi. Nikimutoa aende Beni, basi ni bengine batamuua.

Asubui nitamufunga Masika mu mugongo ya nani?