Jicho la Guelord, Jicho la Hubert

Liège, Ubelgiji, tarehe 12 mwezi wa pili 2024

Yaya Bibiche, dada yangu mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Mama anaendeleaje? Na wewe, unalala sasa, unakula? Sisi tuko wazima.

Nimejifungua mtoto wa kiume. Mume wangu Nicolas anataka tumwite Guelord, ili mwanao akumbukwe.

Yaya, nina ombi. Niliposimulia hapa kwamba mtoto wako alikufa kwa kansa ya macho, madaktari walishtuka. Wanasema ugonjwa ule huweza kufuata damu ya ukoo. Wametafuta hitilafu yake katika damu yangu, hawaioni. Lakini Guelord alipopimwa huko, matokeo yake yaliwekwa mtandaoni, kwenye hazina ambamo hospitali za nchi nyingi hulinganisha damu za watoto wenye kansa. Wanaiita wingu. Humo hana jina, ana namba tu. Mama yake ndiye anayeweza kumruhusu daktari aseme namba ipi ni yake. Tafadhali, kubali.

Mdogo wako,
Émilie

Mangobo, Kisangani, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Émilie,

Salamu zimefika. Mama yuko, mimi niko. Hongera ya mtoto.

Jina la Guelord usiliguse.

Bon, nikuambie ukweli. Jicho lake lilipoanza kung'aa jeupe, majirani walisema: "Bibiche, mutoto iko na jicho ya paka, mupeleke kwa maombi." Nikampeleka. Tulipofika hospitalini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani. Hakuna daktari aliyeshtuka mapema kwa ajili yake. Wako hajaugua hata kidogo, na Ulaya nzima imemzunguka. Ni hivyo toka utoto: mimi nilipika, wewe ukaenda shule. Nimezika, wewe unazaa. Sasa hata damu ya mwanangu unaitaka. Ni wingu gani hilo, ambalo mvua yake inanyesha kwenu tu?

Sikubali.

Yaya wako

Liège, tarehe 20 mwezi wa tano 2024

Yaya wangu,

Salamu zikufikie hata katika hasira. Tangu Pasaka naandika, unanyamaza. Mama naye mzima?

Tumemwita Hubert, jina la papa, baba yetu. Lile nimekuachia. Kila mwezi wanamlaza kwa dawa ya usingizi wamtazame macho, maana bila namba ya Guelord hawajui kama ameirithi hitilafu ile au la. Jana alichelewa kuamka. Nilimshika kisigino nikimwita. Mwishowe aliamka.

Unikasirikie mimi, Yaya. Mtoto hajakukosea.

Mdogo wako

Mangobo, tarehe 6 mwezi wa saba 2024

Émilie,

Natumaini mko wazima. Mama anawasalimia.

Nimeenda kwa Daktari Zakaria, yule aliyemtibu Guelord. Nilienda kumwambia amtoe mwanangu kwenye wingu lenu. Ndiyo, nilikusudia hivyo. Nikamwuliza: "Nani anamuangaliaka humo?" Akajibu: "Mama, batu mingi, ba inchi za mbali. Jina hawajue, lakini wanamusomaka."

Nikaona wivu hata juu yao. Wageni wanamjua mwanangu mpaka ndani ya damu, na mimi niliyemzaa nimekaa Mangobo sijui kitu. Nikasema: "Unionyeshe." Akageuza kompyuta. Zilikuwa herufi tu, mistari na mistari. Nikaweka kidole pale. Daktari akauliza: "Donc, tumutoe?"

Nikasema: "Acha. Uwaambie huyu iko wa Bibiche, na ule wa Liège iko ndugu yake."

Yaya wako

Liège, tarehe 9 mwezi wa nane 2024

Yaya wangu, Yaya wangu,

Mko salama? Naandika huku nalia. Kwa kufuata hitilafu ya Guelord, walijua watafute wapi. Mimi ninayo, ingawa sikuugua, na Hubert anayo. Wakamtazama tena kwa karibu, wakakuta doa dogo pembeni mwa jicho la kulia, wakalichoma kwa mwanga. Anaona! Anafuata kijiko kwa macho. Wataendelea kumchunguza, lakini sasa wanajua wanachokitafuta.

Mwezi wa kumi na mbili tunakuja Kisangani tukushukuru.

Mdogo wako

Mangobo, tarehe 1 mwezi wa tisa 2024

Mdogo wangu,

Msalimie Nicolas. Barua yako iliposomwa, Mama alicheza uwanja mzima. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango. Nilifurahi, lakini furaha haikuja peke yake. Kwa nini doa la wako limechomwa, na la wangu likaachwa likue? Wivu haujaniondoka.

Kwa hiyo msije mwezi wa kumi na mbili. Akinitazama sasa kwa macho yale mazima, nitamchukia, na sitaki kumchukia. Madaktari wakihitaji kitu kingine cha Guelord, waniulize. Nitakubali.

Mleteni akishajua kutembea. Usimweke mikononi mwangu. Mwache chini, aje mwenyewe.

Yaya wako,
Mama Guelord