Mdungusi Ulioinua Mikono

Jumatatu, 4 Februari

Arizona. Jangwa kushoto, jangwa kulia, na katikati mume wangu anapiga mluzi. Merle ana furaha ya kukera.

Mpango wake ni huu: tuiuze nyumba yetu ya Nebraska, tuishi ndani ya hili gari-nyumba mpaka tufe. Gari lenyewe amelipa jina – Malkia. Malkia ana jiko la kukaangia yai moja na kitanda cha mtu mmoja na nusu. Nyumba yangu ina piano. Mnunuzi ameshapatikana, imebaki sahihi yangu tu. Nimepewa safari hii "nionje maisha", na dalali anataka jibu Jumatatu ijayo. Nimeshaonja. Jibu ni hapana. Sijamwambia Merle bado, acha apige mluzi.

"Kazi yako ni kutazama tu, mama," ananiambia. "Kuendesha niachie mimi." Aliendesha basi la shule miaka thelathini bila mkwaruzo hata mmoja. Tangu tuondoke nyumbani nimeusikia mkwaruzo huo ambao haukutokea mara nyingi kuliko nilivyosikia redio.

Jumanne, 5 Februari

Kambi ya magari-nyumba karibu na mji wa Ajo. Hapa burudani ya jioni ni moja: gari jipya likiingia, watu hutoa viti na bia, wakakaa kutazama mume akirudisha gari nyuma na mke akimwashiria kwa mikono. Ndoa zinaanikwa hadharani kama chupi kwenye kamba. Kabla yetu bwana mmoja wa Kanada alimfokea mkewe. Mke akaingia ndani, akafunga mlango, akamwacha katikati ya njia. Watu walipiga makofi.

Zamu yetu. Merle siku hizi hataki ishara za mikono, eti zinamchanganya. Amenunua redio mbili ndogo za mkononi, zile za kuongelea. Basi nikasimama nyuma nikasema kushoto, kulia, simama – akaingia sawasawa! Jirani yetu Nadine, mjane anayeendesha gari kubwa kuliko letu akiwa na kimbwa chake tu, akauliza kama tulisomea. Merle alivimba kichwa mpaka usiku.

Alhamisi, 7 Februari

Siamini. Acha niandike polepole.

Tulihamia nafasi nyingine, yenye kuangalia milima. Redio ziliisha chaji. Nikamwambia Merle angoje kidogo nikunje mpira wa maji. Hakusikia. Malkia akaanza kurudi nyuma, kisha – kimya – akasimama. Merle akatoa kichwa dirishani, akainua kidole gumba.

"Asante, mpenzi! Nimekuona!"

Mimi nilikuwa mbele ya gari, upande wa pili, nimekumbatia mpira wa maji. Nyuma kulikuwa na mdungusi. Mrefu, umeinua mikono miwili juu. Unaashiria simama tangu kabla hatujazaliwa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Zaidi ya miaka arobaini ya ndoa, na mume anakuchanganya na mmea wenye miiba! Dada yangu atasema kosa hilo lina msingi.

Kisha kicheko kikaniisha. Jua lilikuwa linawaka. Mdungusi ulikuwa hapo karibu.

Ijumaa, 8 Februari

Mgahawani nimempa menyu nikiwa nimeigeuza kichwa chini. Aliisoma kwa makini, akakunja uso, akaagiza enchilada, zile chapati za Kimeksiko. Tangu tutoke nyumbani, kila mahali ni enchilada. Mimi nilidhani anazipenda.

Tulirudi kwa barabara ya malori. Nilishikilia kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye anapiga mluzi.

Jumamosi, 9 Februari

Neno moja tu nikisema kuhusu macho yake, ubishi wa nyumba umekwisha. Piano yangu, jiko langu, kanisa langu. Nimeshinda. Mbona sina raha?

Nimekataa kwenda popote leo. Nimesema tumbo linauma.

Jumapili, 10 Februari

Nimemuuliza. Alikuwa anaosha vikombe kwa kuvipapasa.

"Merle. Tangu lini?"

Hakujitia hamnazo, hilo nitamsifu. Tangu kiangazi, akasema. Daktari wa Omaha alimweleza: katikati ya jicho ndiko kunakufa, pembeni kutabaki. Akanificha kwa sababu ya leseni.

"Ungetuua!"

"Nilikuwa nakwenda polepole."

Polepole! Mungu wangu! Nilimrushia kitambaa cha vyombo. Hakukiona kikija. Hapo ndipo nikalia.

"Nyumbani vitu vyote ni vidogo, Arlene," akasema. "Magazeti. Vijiko. Sura za watu kanisani. Huku vitu ni vikubwa. Milima naiona. Nataka niione mpaka mwisho."

Nikamwambia habari za mdungusi. Hakuwa anajua! Alicheka mpaka akayafuta macho yenyewe.

"Angalau huo mdungusi haukunifokea," akasema.

Funguo za gari nimezificha kwenye kopo la unga. Hakubisha. Afadhali angebisha.

Jumatatu, 11 Februari

Nimeendesha Malkia! Mimi! Nadine alinipeleka uwanja mtupu nyuma ya kambi asubuhi yote. "Usiliogope, dada," akaniambia. "Ni friji lenye magurudumu, basi." Niliangusha pipa moja. Mzunguko wa mwisho nikajishtukia napiga mluzi, nikaacha mara moja. Merle alikuwa kiti cha pembeni, anaitazama milima.

Sasa imebaki kurudi nyuma hadi nafasi yetu. Watu wameshatoa viti. Bwana wa Kanada ameleta na karanga. Nadine alijitolea aniashirie, Merle akakataa katakata.

"Kazi hiyo ni yangu. Nimewaona wake za watu wakiifanya vibaya maisha yangu yote."

Nani angemnyima? Ameshuka, amezunguka nyuma. Mimi niko kwenye usukani, injini inanguruma, nimechukua daftari nijitulize. Kioo cha kushoto: Merle, mikono juu. Kioo cha kulia: ule mdungusi, mikono juu. Simu imeanza kulia kando yangu. Dalali. Asubuhi jibu lilikuwa bado hapana.

Mguu uko kwenye breki. Sijasogea hata inchi moja. Na mume wangu anapunga mikono yote miwili, anaita kwa sauti ya kunitia moyo, kambi nzima inasikia: "Vizuri, mama! Hivyohivyo! Unakuja vizuri kabisa –"